Nuru ya Nyumba Isiyojengwa

Lau wahenga wetu wangalifufuka leo, wakapitishwa katika miji ya pwani na ya bara ili waonyeshwe maajabu ya zama hizi, nadhani wasingalistaajabia sana magari wala simu, kwa kuwa mwendo na sauti walikuwa navyo. Bali wangalisimama kwa muda mrefu mbele ya nyumba ambayo haijachimbiwa msingi, haina jiwe wala bati, na pengine mwenyewe hajamaliza kulipia kiwanja chake, nayo tayari imekwisha kuingia jua. Miale inapita dirishani, inatua sakafuni, inapanda darini ikiwa imefifia na kuchukua rangi ya zulia, na kivuli cha kiti kinasogea ukutani kadiri saa zinavyosogea. Kazi hii haikufanywa kwa kalamu na rula. Ni taswira iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo mtazamaji huiingia kama aingiaye sebuleni mwa jirani, akageuka kulia na kushoto, akapanda ngazi, akafungua mlango, na popote ageukapo hukuta nuru imekwisha kumtangulia. Programu za kazi hiyo, mathalan Lumion, Enscape na Twinmotion, zimeenea mikononi mwa wasanifu majengo na wachora ramani, wala hazikukomea Nairobi na Mombasa. Zimelipanda Bonde la Ufa na kuvuka ukingo wake wa magharibi, zikafika hata mji wa Molo.

Kwa mafundi, jambo hili ni la ufundi tu, nao hulizungumza kwa lugha ya bei za kadi za michoro na wingi wa kumbukumbu. Sikusudii kuwaingilia katika ilimu yao. Swali ninalotaka kulitazama ni la watu wa dini na hikima, nalo ni hili: mtu anapoitengeneza nuru kwa hisabati, akaifanya ifanane na nuru ya Mungu hata jicho lisitambue tofauti, ametengeneza kweli au hadaa? Si swali dogo, maana nuru si kitu kama vitu vingine. Katika Taurati ndiyo iliyotangulia kuumbwa, siku ya kwanza, ilhali jua lenyewe lilingoja hadi siku ya nne. Na katika Kurani iko sura nzima iliyoitwa kwa jina lake, ya 24, ambayo aya yake ya 35 inamsifu Mwenyezi Mungu kwa nuru, kisha inapiga mfano wa taa iliyomo katika kidaka. Mwenye kuchezea nuru, basi, anachezea kitu ambacho dini zimekitumia tangu kale kumwelezea Muumba, na si ajabu wacha Mungu wakimtazama kwa jicho la hadhari.

Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mjini Tus mwaka 1111, alitunga risala iitwayo Mishkat al-Anwar katika kuifasiri aya hiyo, na humo akapiga mfano ambao mchora ramani wa leo akiusoma atadhani umeandikwa kwa ajili ya kazi yake. Anatutaka tufikiri mwanga wa mwezi ulioingia dirishani, ukaangukia kioo kilichotundikwa ukutani, ukarudishwa na kioo hadi ukuta wa pili, na kutoka ukuta huo ukaishukia sakafu, sakafu ikaangaza. Mwanga wa sakafu umeazimwa ukutani, wa ukuta umeazimwa kiooni, wa kioo kwa mwezi, na wa mwezi kwa jua. Kila daraja ni fukara mbele ya ile iliyo juu yake, na muradi wa Imamu ni kwamba viumbe vyote, hata vile ving'aavyo sana machoni petu, havina nuru ya milki bali vina nuru ya kuazima, na msururu wa kuazima hauwezi kwenda bila mwisho pasipo kumfikia mmoja ambaye haazimi.

Miaka 875 baada ya kufariki kwake, mwaka 1986, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aitwaye James Kajiya alitangaza mlinganyo ambao mpaka leo ndio msingi wa programu zote za namna hii. Ukiuvua vazi lake la hisabati, mlinganyo huo wasema hivi: nuru inayotoka katika nukta yoyote ya ukuta ni ile ambayo nukta hiyo inaitoa kwa nafsi yake, ikijumlishwa na ile iliyopokewa kutoka nukta nyingine zote na kurudishwa. Nazo nukta nyingine zote zimepokea za kwao kutoka kwa wenzao, ikiwamo nukta ile ile tuliyoanzia. Miaka miwili kabla yake, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walikuwa wamekwisha kuonyesha, kwa sanduku dogo lenye kuta za rangi, kwamba ukuta mweupe haubaki mweupe ukikaa karibu na mwekundu, bali huona haya kidogo kwa sababu ya jirani yake. Nyumba nzima, kwa hiyo, ni mtandao wa kuazimana, na hakuna pembe iwezayo kuhesabiwa peke yake.

Mlinganyo huo una ukali mmoja ambao Imamu angaliufurahia. Ziondoe taa na jua, yaani zile nukta chache zinazotoa nuru kwa nafsi zao, na jumla ya nuru zote zilizobaki, hata ziwe zimerudishwa mara elfu kutoka ukuta hadi ukuta, ni sifuri. Ukarimu wa kuta wote haufui dafu pasipo na chanzo. Sisemi kwamba hisabati imethibitisha itikadi. Hisabati haina kazi hiyo, na dini inayongoja kuthibitishwa na kompyuta itangoja sana. Nasema tu kwamba mtu wa karne ya 12 aliyekuwa akimtafuta Mola wake na mtu wa karne ya 20 aliyekuwa akitafuta picha nzuri walitazama ukuta ule ule, kwa makini yale yale, wakauona umaskini ule ule.

Hata hapa hatujafika kwenye ugumu. Kwa miaka mingi picha za namna hii zilihesabiwa polepole: mchoraji alipanga kila kitu jioni, akaiachia kompyuta kazi ya usiku kucha, akaamka asubuhi akakuta picha moja, ya pembe moja, ya saa moja. Ilikuwa kazi ya subira, na subira hiyo iliruhusu miale kufuatwa mbali. Siku hizi mnunuzi anataka kutembea. Ili macho yake yadhani kwamba anatembea kweli, kompyuta sharti imchoree picha 30 au 60 katika kila sekunde, na kila picha ihesabiwe tangu mwanzo, maana akisogea hatua moja kila kitu kimebadilika. Mwaka 2018 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi zake za RTX zilizokuwa na sehemu maalumu za kufuatia miale, na mwaka 2022 programu ya Unreal Engine 5 ikaja na mfumo wa nuru uitwao Lumen. Walakini hata kwa zana hizo, sehemu moja ya thelathini ya sekunde haitoshi kuufuata kila mwale hadi mwisho wa safari yake. Basi mashine hufanya kama wafanyavyo wote walioelemewa na kazi: hufuata miale michache, hukisia iliyobaki, na zaidi ya yote hukopa kutoka picha zilizotangulia, ikichanganya za sasa na za nyuma kidogo ili jicho lisione mapengo.

Mkopo huo unaonekana kwa macho. Katika chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza mjini Molo, ambacho chini yake huuzwa mbegu za viazi na dawa za kunyunyiza shambani, nilipata kuketi nyuma ya kijana mmoja mchora ramani alipokuwa akimwonyesha mama mmoja wa makamo nyumba ya vyumba vitatu anayokusudia kuijenga kwa fedha za viazi na maziwa. Jua lilikuwa limejaa sebuleni. Kijana alipoufunga mlango wa mbele, mwanga uliokuwa umetanda sakafuni haukuondoka mara moja. Ulisita, ukafifia kidogo kidogo, kama mgeni anayeaga mara tatu kabla ya kushika njia. Mlango ulikuwa umefungwa na jua likawa bado limo ndani. Kitendo hicho hakikuchukua hata sekunde mbili, na yule mama hakukishughulikia, lakini ndani yake mna mjadala wa zaidi ya miaka elfu moja.

Wanatheolojia wa Kiislamu waliomfuata Abu al-Hasan al-Ashari, aliyefariki Baghdad mwaka 936, na ambao itikadi yao ndiyo iliyoenea miongoni mwa masheikh wa Kishafii wa pwani yetu, walifundisha kwamba sifa za vitu, yaani rangi, joto, mwendo na kadhalika, hazidumu nyakati mbili. Weupe wa ukuta huu wa sasa hivi si ule weupe wa punde iliyopita. Ule umekwisha, na huu umeumbwa upya, na ukionekana kudumu ni kwa sababu Muumba hakomi kuuumba. Ni kwa msingi huo Ghazali aliweza kusema, katika kuwajibu wanafalsafa, kwamba pamba haiungui kwa lazima ya moto, bali kuungua huumbwa pale pamba na moto vinapokutana. Wengi waliosoma hoja hiyo waliiona kuwa ya ajabu, kwani ni nani aliyewahi kuona ulimwengu ukifutwa na kuchorwa upya kila nukta ya wakati? Sasa jibu lipo katika chumba cha juu ya duka la mbegu. Kijana anautazama ulimwengu wa namna hiyo kutwa: sebule inafutwa na kuchorwa mara 60 kwa sekunde, na kudumu kwake ni sura tu. Kiti hakisababishi kivuli chake. Kiti kinachorwa na kivuli kinachorwa, na mwenye kuchora akitaka aweza kukichora kiti pasipo kivuli, kama programu nyingi za zamani zilivyofanya kwa uvivu.

Mfano huu ni mzuri, na kwa sababu ni mzuri ni wa hatari, maana unaweza kumfanya mtu aone mashine kuwa imeshika nafasi isiyo yake. Tofauti imo katika ule mwanga uliokawia. Mashine hukopa jana yake kwa kuwa haiwezi kuikamilisha leo. Ni fundi aliyechoka anayepaka rangi juu ya rangi. Nuru ya kweli, mlango ukifungwa, huondoka kwa kasi ya kilomita takriban 300,000 kwa sekunde, wala haiachi salio. Anayedhani kwamba kuiga tendo la kuumba ni kushiriki katika kuumba na aufunge mlango katika nyumba yake ya kompyuta, autazame mwanga usiojua kuondoka, kisha arudi kwenye unyenyekevu wake. Kwa upande huu, wacha Mungu wanaweza kutulia: hatari ya mchoraji si kwamba amefanana mno na Muumba.

Hatari iko kwingine, nayo ilijitokeza pale mama yule alipouliza.

"Kijana wangu, na jikoni je? Mimi saa kumi na mbili asubuhi niko jikoni."

"Jikoni bado, Mama. Nimeweka kuta tu."

Akaigeuza picha, tukaona: sanduku la kijivu, halina dirisha wala rangi, limeshikana na ile sebule inayong'aa kama kwamba si la nyumba hiyo.

"Na hapa sebuleni ni saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, Mama. Mwezi wa Januari. Ndio wenye mwanga mzuri."

"Basi nionyeshe Julai."

Kijana akacheka kwa adabu, akasema kwamba Julai mwanga hautoki vizuri.

Katika programu hizi, jambo la kwanza linalofanywa kuokoa muda ni kutokichora kile kisichotazamwa. Kilicho nyuma ya mtazamaji hakipo katika picha, na katika njia nyingine za kuhesabu, hata kioo cha ukutani hakiwezi kuonyesha isipokuwa vitu ambavyo tayari vimo mbele ya jicho. Ukigeuka, kilichokuwa kikionekana kiooni hutoweka kama kwamba hakikuwako. Askofu George Berkeley, Mwairlandi, aliandika mwaka 1710 kwamba kuwako kwa vitu tunavyovihisi ni kuhisiwa kwake, na kwa swali la ni nini basi kinachoushikilia mti usiotazamwa na mtu, jibu lake lilikuwa ni Mungu, ambaye hakuna kisichotazamwa naye. Ulimwengu wa kompyuta ni ulimwengu wa Berkeley uliopungukiwa na Mungu wake. Humo kuwako ni kutazamwa, na mtazamaji ni mmoja tu, mnunuzi, tena mnunuzi aliyeshikwa mkono akaelekezwa pa kutazama. Kisichotazamwa naye hakina shahidi, na kisicho na shahidi hakipewi nuru.

Kwa mashine, hiyo ni akiba ya muda na haina lawama. Lakini tabia ya mashine hupenya katika tabia ya mtu, na kile ambacho programu hukifanya kwa nyuma ya kichwa cha mtazamaji, mchoraji huja akakifanya kwa jiko la mama, kwa upande wa nyuma wa nyumba, kwa majira ya baridi. Hapo ndipo ninapoona kwamba swali la kweli na hadaa limekuwa likiulizwa mahali pasipo pake. Watu huuliza: je, miale hii ni sahihi? Na jibu ni kwamba ni sahihi, au inakaribia usahihi zaidi mwaka hata mwaka. Usahihi wa miale, hata hivyo, haujawahi kuwa sawa na ukweli wa ushahidi. Shahidi anaweza kusema maneno ambayo kila moja ni la kweli, akawa ametoa ushahidi wa uongo kwa yale aliyoyanyamazia.

Molo ni mahali pafaapo kulipima jambo hili, kwa kuwa jua lake na ukungu wake havikubali kufanywa kama vya watu wengine. Mji umekaa juu ya nyanda za Mau, kwenye kimo cha mita 2,500 hivi, nao uko kusini mwa Ikweta kwa robo tu ya nyuzi. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua la mchana hupita utosini hata mtu akaukanyaga uvuli wake mwenyewe, nalo hufanya hivyo si saa sita kamili, bali Machi yapata saa saba kasorobo na Septemba yapata saa sita na nusu, kwa sababu saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo ya 45 na Molo iko magharibi yake sana, karibu na 35.7. Mwezi wa Juni jua la mchana huegemea kaskazini kwa nyuzi 24 hivi kutoka utosini, na Desemba huegemea kusini kwa nyuzi 23. Ukuta wa kaskazini na ukuta wa kusini, kwa hiyo, hupokezana jua nusu mwaka kwa nusu mwaka, jambo ambalo mtu wa Ulaya, ambaye jua lake la mchana daima liko kusini, hawezi kulijua kwa mazoea. Mchora ramani asiyebadilisha mahali katika programu yake, akaacha pale palipowekwa na walioiunda, ataiuzia Molo jua la nchi nyingine, na mnunuzi atakuja kushangaa mbona Juni baraza lake la kusini limepoa kutwa.

Kosa hilo lina tiba nyepesi: ni kuandika tarakimu mbili za mahali na tarehe, na mashine itafanya yaliyobaki. Ukungu ndio usiotibika kwa urahisi. Kuanzia Juni hadi Agosti ziko asubuhi katika nyanda hizi ambapo mtu akiwa mlangoni haoni mikaratusi iliyo mpakani mwa shamba lake, na nuru yenyewe hupoteza mwelekeo. Haitoki mashariki wala utosini, bali inatoka katika hewa yote, kijivu, baridi, bila kivuli. Kwa mwenye kuhesabu, nuru ya namna hii ni ghali kuliko jua kali, kwa sababu mwale haungoji kugonga ukuta ndipo ugeuke, bali kila tone la maji lililoelea hewani huutawanya. Nyumba ambayo Januari ilijaa dhahabu, Julai huhitaji taa saa tatu asubuhi, na madirisha yaliyopangwa kwa ajili ya uzuri wa picha huwa milango ya baridi. Huo nao ni mwanga wa Molo, tena ndio mwanga wa miezi ambayo mkaaji hukaa zaidi ndani. Kuuondoa kwa hoja kwamba hautoki vizuri ni kumwuzia mtu mwaka wenye mwezi mmoja.

Fiqhi haikulisahau jambo hili, ingawa haikujua kompyuta. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafii wamekihifadhi kwa karne nyingi, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu mahususi kisichoonwa hakiuziki. Ila mlango umeachwa wazi kwa mauzo yaitwayo salam, ambapo kitu ambacho bado hakipo huuzwa kwa kuelezwa sifa zake, kwa sharti kwamba sifa zielezwe hata usibaki mwanya wa kugombana. Akili ya sharia hapo ni bayana. Anayenunua kisichokuwako hana macho ila ya muuzaji. Muuzaji, kwa hiyo, amekuwa muuzaji na shahidi kwa wakati mmoja, na sifa anazozitaja si mapambo ya biashara bali ni amana. Nayo ile amri ya Taurati inayokataza kumshuhudia jirani uongo, ambayo watoto wa makanisa ya Molo huikariri kabla hawajaweza kuiandika, haikuweka msamaha kwa ushahidi uliotolewa kwa picha badala ya kinywa. Picha ya nyumba isiyojengwa ni maelezo ya sifa, tena ni maelezo yenye nguvu kuliko maneno, kwani maneno humwacha msikilizaji akiwa na shaka ya kawaida, ilhali nuru humwondolea shaka hiyo bila ya kumwomba ruhusa. Tumezoea kwamba tunachokiona katika mwanga tumekiona.

Najua nitakalojibiwa, na jibu lenyewe si la kudharauliwa. Patasemwa kwamba kila picha huchagua; kwamba mpiga picha naye hungoja jua liegemee, na mshairi hamsifu mpenzi wake akiwa na homa; kwamba mtu aliyejinyima miaka ili ajenge anastahili kuiona ndoto yake katika saa yake njema, na kumwonyesha ukungu ni kumvunja moyo bure. Hayo ni kweli kwa kiasi chake. Uzuri si dhambi, na ndoto ni riziki pia. Lakini mpenzi wa mshairi hauzwi kwa shairi, na anayesikiliza shairi hatii saini mkataba. Zaidi ya hayo, yule mama hakuvunjika moyo alipouliza habari za Julai, alikuwa anajenga. Anayemficha baridi anamnyima nafasi ya kuamua, wakati karatasi ni karatasi bado, kwamba dirisha la jikoni ligeuzwe mashariki lipokee jua la kwanza, kwamba dari iwekwe mbao zinazoshika joto, kwamba kidirisha cha kioo kiongezwe pale ambapo bati lingaliziba. Kijana wetu, baada ya kucheka, alifanya hivyo hivyo: aliweka mahali pa Molo, akavuta tarehe hadi Julai, akaongeza ukungu, na sebule ikazimika. Palitokea ukimya kidogo, kisha mama akanyoosha kidole kwenye lile sanduku la kijivu na kusema dirisha liwe hapa, na pana kuliko lile la sebuleni. Kazi iliyofanywa katika robo saa hiyo ilikuwa na thamani kuliko jua lote la Januari.

Kwa hiyo naona kwamba nuru ya mashine haiwi kweli kwa kufanana na jua katika umbo la miale yake tu, bali kwa kufanana nalo katika sifa moja ambayo ni ya kiadili, nayo ni kutobagua. Injili inamtukuza Mungu kwa kuwa jua lake huwachomozea waovu na wema. Na Ghazali anatufundisha kwamba kila chenye kuangaza kimeazima, hata ukuta wa jikoni usiotazamwa na mgeni yeyote. Jua la Molo likipenya ukungu saa nne asubuhi, huipenya nyuma ya nyumba kama linavyoipenya mbele, na hulifikia zizi kama linavyolifikia baraza, pawe na mtazamaji au pasiwe naye. Mashine haina budi kubagua, kwa kuwa muda wake ni sehemu ya sekunde na nguvu zake zina mpaka. Mtu aliyeishika hana udhuru huo. Yeye ana jioni nzima, ana mahali, ana tarehe zote za mwaka, na anajua, hata kama programu haijui, kwamba kuna atakayesimama katika chumba kile asubuhi za baridi kwa miaka 40 ijayo.

Mchoraji anayetaka kujua kama nuru aliyoitengeneza ni ya haki asiishie kuipima kwa jicho, kwani jicho ndilo lililo rahisi kuliridhisha; na ajiulize ni chumba gani alichokiacha, ni mwezi gani alioukimbia, na kwa faida ya nani. Akiweza kumjibu mnunuzi maswali hayo matatu pasipo kuona haya, picha yake ni ushahidi, hata kama miale yake ni michache na mwanga wake unakawia mlangoni. Asipoweza, basi hakuna kadi ya michoro, iwe ya bei gani, itakayomwondolea dhima hiyo.